Viroba Kumi na Viwili vya Majani

Siku ya saba baada ya kupandwa, shamba la malisho la Masanja kule Pande lilipaliliwa. Lilipaliliwa lote, mstari kwa mstari, na wanawake kumi na mmoja waliokuja na majembe yao, chakula chao na nyimbo zao, na walipomaliza hapakuwa na jani hata moja lililosimama. Majani ndiyo tuliyokuwa tumeyapanda.

Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo mnaloniuliza kila tukikutana, nami kila nikilisimulia nashikwa na kicheko kabla sijafika katikati, mnaondoka na nusu ya habari. Basi nimekaa nikaandika. Daftari nilikuwa nalo njia nzima, kwa hiyo saa na maneno ya watu ni yale yale, isipokuwa pale nilipokuwa nacheka nikashindwa kushika kalamu.

Masanja wengine hammjui. Ni mfugaji, Msukuma, ndiye aliyeniuzia mtamba wangu wa kwanza. Yeye na mkewe Kabula walihama mara nne wakifuata majani, mpaka wakafika Pande, na huu ni mwaka wao wa sita pale. Kabula alichoka kuhama. Akapanda mikorosho nyuma ya nyumba. Msimu uliopita akapata korosho zake za kwanza, hazikujaa hata debe, akazikaanga zote akawagawia majirani.

Lakini ng'ombe wa Masanja waliingia kwenye ufuta wa watu mara mbili, na mara ya pili ulikuwa ufuta wa Bi Somoe, mama ambaye Pande nzima inamsikiliza. Mkutano wa kijiji ukaamua hivi: Masanja aoteshe eka moja ya malisho ndani ya uzio wake, yawe yameshika kabla mvua hazijakatika. Yakishika, ng'ombe watakula kwake na yeye atabaki. Yasiposhika, ng'ombe watahamia eneo la malisho ng'ambo ya mto, mwendo wa siku nzima, na wenye ng'ombe watawafuata. Mikorosho haiwezi kufuata.

Akanipigia simu. Anajua kwamba nyuma ya nyumba yangu, hapa Lindi, nina brakiaria, yale majani mafupi yanayosambaa kama mkeka, ambayo ng'ombe wangu wawili wanayala kwa zamu, kipande hiki wiki hii na kile wiki ijayo, na hayaishi. Nikamwambia namletea mwenyewe.

Lindi mpaka getini

Nilianza kung'oa Jumapili baada ya ibada. Shina unaling'oa na mizizi yake, unalipasua vipande vipande kama unavyochambua kitunguu cha majani, unakata juu libaki la kiganja kimoja, unachovya mizizi kwenye tope, unapanga ndani ya kiroba kilicholowa. Vikatimia viroba kumi na viwili. Jumatatu saa moja asubuhi akaja Hamisi na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo.

Hamisi ni kijana wa Kiswere, anaendesha mizigo barabara hiyo kila wiki, na mdomo wake haupoi, umeishinda injini. Akafungua kiroba kimoja, akachungulia, akanitazama.

"Mama, haya ni majani."

"Ndiyo."

"Tunayatoa Lindi tunayapeleka Pande."

"Ndiyo, mwanangu."

"Pande ninayoijua mimi? Ile ambayo ukiegesha baiskeli wiki moja huioni tena kwa majani?"

Nikamweleza kwamba yale ya Pande kiangazi yanakauka yanakuwa kama waya, na haya yana mizizi inayokwenda chini. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa, akapakia.

Getini, pale wanapokagua mizigo kabla ya Mchinga, tukasimamishwa. Mzee wa geti akauliza mzigo gani, Hamisi akajibu kwa sauti ya kitarishi, "Majani ya kupanda, mzee, ya huyu mama." Mzee akazunguka gari mara mbili. Akaomba kiroba kifunguliwe. Akachukua shina moja, akalinusa, akalirudisha, kisha akamwita mwenzake aliyekuwa anakunywa uji kibandani.

"Njoo uone. Nimekaa hapa miaka, nimeona mkaa, nimeona mbao, nimeona mbuzi kavaa fulana. Mtu anayesafirisha majani kwa gari, ndiyo leo."

Mwenzake akaja na kikombe chake. Wakayatazama pamoja kwa muda mrefu. Akauliza kama yanaliwa. Nikamjibu yanaliwa na ng'ombe. Akasema, "Aa," kwa masikitiko kidogo. Wakatupiga picha, mimi na viroba, wakatufungulia. Mchinga tukala muhogo wa nazi na dagaa, mbuzi wawili wakapanda nyuma ya gari tukiwa mezani wakala pembe ya kiroba. Niliandika: *wameyapenda.*

Kiswere, dakika kumi

Saa saba mchana, badala ya kunyoosha, Hamisi akakata kulia kuelekea baharini.

"Dakika kumi tu, mama. Leo arobaini ya bibi yangu. Nisipoonekana watanifuta kwenye ukoo."

Tulikaa mpaka kesho yake. Hilo nalisema bila malalamiko, maana pilau ya Kiswere niliyoila siku ile ilikuwa na kamba wabichi ndani, na nilisukumiwa sahani ya tatu na watu nisiowajua hata majina. Khitma ilisomwa vizuri, watu wakaitikia, wakatulia. Halafu watani wakaingia.

Mnawajua watani wanavyokuwa kwenye arobaini. Lakini sijawahi kumwona mtani kama Bi Zubeda. Ni mama mnene mwenye sauti ya msikitini, alikuja amevaa kofia ya marehemu na miwani ya marehemu, anatembea kama marehemu, anawagombeza wajukuu mmoja mmoja kwa makosa yao ya kweli. Watu walikuwa wamelala chini kwa kucheka, na waliokuwa wakilia walicheka zaidi. Alipofika kwa Hamisi akamwinua kwa sikio.

"Wewe! Nimekufa siku arobaini, umeniletea nini?"

"Bibi, nimekuja na mgeni."

"Mgeni analiwa? Gari lina nini?"

Akapanda kwenye kirikuu. Akachagua kiroba, akakifungua, akatoa majani, akayainua juu watu wote wayaone.

"Jamani! Mjukuu wangu kaniletea majani! Kaniona mimi mbuzi!"

Ua mzima ukapiga yowe. Akakiweka kiroba kichwani akaondoka nacho, anacheza. Mimi nikainuka. Mama aliyekaa karibu nami akanivuta gauni. "Kaa, mwanangu. Mtani akishachukua hurudishiwi kwa kuomba. Unakomboa."

Nikamfuata kwa adabu. "Shikamoo, bibi. Kile kiroba kina kazi."

"Marahaba. Hata mimi nina kazi nacho." Akafikiri, akashusha miwani ya marehemu. "Niletee jogoo ambaye hajawika tangu azaliwe. Akiwa amewika hata mara moja, simtaki."

Pande

Tukafika Jumanne jioni na viroba kumi na kimoja. Masanja alikuwa njia panda tangu asubuhi. Kabula alitupikia ugali na maziwa mgando, akaniuliza habari za Lindi zote kwa zamu, kisha akanipeleka nyuma ya nyumba kunionyesha mikorosho kabla hata sijanawa miguu. Kila mti alinitajia ulivyoumwa na ulivyopona.

Hamisi akarudi zake, akaahidi kupita wiki ijayo. Jumatano na Alhamisi tukapanda. Masanja alikuwa ameshalima na kuvuta kamba, mistari imenyooka kama daftari la shule. Shina na shina hatua moja, unafukia mizizi, unakanyaga kwa kisigino. Katikati ya mistari tukatupia mbegu za fiwi, ambazo ni mikunde, zinatambaa na kuipa ardhi nguvu, na ng'ombe anazila pamoja na majani. Mvua ikanyesha usiku wa Alhamisi, tena Jumamosi. Mashina yakanyong'onyea, yakageuka rangi, yakaanza kutoa ulimi mdogo wa kijani. Fiwi zikachomoza Jumatatu, nene, nzuri, majani matatu matatu.

Lililokosekana ni kiroba cha kumi na mbili. Kipande kilichobaki wazi kilikuwa kona ya juu, karibu na njia.

"Mwenyekiti wa kijiji akija kukagua atasimama hapa hapa," Masanja alisema, akajisimamisha pale, mikono nyuma, kama mwenyekiti. "Atatazama chini. Ataona udongo. Hatatembea kwenda mbele."

Ukaguzi ulikuwa Ijumaa. Hamisi akatokea Jumatano asubuhi. Masanja akaingia bandani akatoka na jogoo mdogo, mwekundu, shingo tupu, miezi mitatu.

"Huyu hajawika?" nikauliza.

"Mama Stela, huyu hata kulia halii. Kabula anasema ni bubu."

Kabula siku hiyo alikuwa anampeleka mtoto wao mchanga kliniki, na Masanja akapanda gari pamoja nasi. Nyumbani hakubaki mtu. Kumbukeni hilo.

Kiswere tena, na jogoo

Jogoo alisafiri mapajani mwangu, amefungwa kitambaa machoni ili asione mapambazuko yoyote. Hilo lilikuwa wazo la Hamisi. Kila tuliposikia jogoo wa watu akiwika njiani, Hamisi alipiga honi kumziba masikio. Tumepita vijiji tukipiga honi kama harusi. Watu walitoka kutupungia.

Bi Zubeda alitupokea ukumbini, bila miwani sasa, mama wa kawaida anayepepeta mchele. Akampokea jogoo. Akamfungua kitambaa. Akampapasa.

"Hajawika?"

"Hajawika," tukasema watu watatu.

Jogoo akatazama ua. Akakunjua mabawa. Akanyoosha ile shingo yake tupu, akawika, mara ya kwanza maishani mwake, sauti imekatika kama ya mvulana anayebalehe, halafu akawika tena vizuri zaidi.

Siwezi kueleza. Hamisi alishika nguzo. Bi Zubeda alimwaga mchele. Masanja, ambaye ni mtu wa maneno machache, alimwonyesha jogoo kidole akamwambia, "Wewe! Miezi mitatu!" Tukacheka mpaka mbavu zikauma, na majirani wakaja kuuliza nini, na tulipojaribu kuwaambia tukaanza upya.

"Basi," Bi Zubeda akasema akijifuta macho. "Kawikia kwangu, kwa hiyo ni wangu. Na majani yenu nusu nimeshayapanda."

"Umeyapanda?"

"Yalikuwa yanakufa kirobani. Nilichukua kwa utani, si kwa kuua." Akatuonyesha, pembeni ya banda la kuku, mistari miwili, yameshaamka. Nusu nyingine alikuwa ameiweka kivulini ndani ya beseni la tope, mizizi myeupe na mipya. Ilikuwa nzuri kuliko ile niliyotoka nayo Lindi. Tukapakia beseni, tukala samaki wa kukaanga, tukarudi tunaimba.

Shamba safi

Tulisikia nyimbo nyingine kabla hatujafika. Nikadhani ni ngoma ya watu.

Wanawake kumi na mmoja walikuwa wamekaa kwenye uzio wa Masanja, wanakunywa maji, majembe yameegemezwa. Bi Somoe akainuka. Mwembamba, mrefu, kitenge amekifunga kiunoni.

"Karibuni nyumbani kwenu," akasema, na alikuwa anajizuia kutabasamu. "Mmekuta kazi imekwisha."

Nikalitazama shamba. Fiwi zilikuwa zimesimama kwa mistari, mbichi, kila mche umeinuliwa udongo kwa upendo. Katikati yake, ardhi tupu, imefagiliwa kama ukumbi.

Masanja aliongea taratibu sana. "Shikamoo, mama. Na yale majani?"

"Marahaba. Majani! Yalikuwa mengi, baba, we acha tu. Tena yameota kwa mistari, utafikiri kuna mtu kayapanda!"

Hamisi akakaa chini barabarani.

Inabidi niwaeleze, maana hapa ndipo mnapouliza. Baada ya ng'ombe kula ufuta wa Bi Somoe mwaka ule, Kabula alichukua jembe akaenda kumpalilia ufuta uliobaki, peke yake, bila kuitwa, msimu mzima. Bi Somoe hakumsemesha hata siku moja. Lakini kule palizi hailipwi kwa maneno, inalipwa kwa palizi. Alikuwa anangoja siku ambayo Kabula atakuwa na shamba, na siku ambayo wenyewe hawapo, wasije wakasema hapana. Wote walijua Masanja ameamriwa apande malisho. Wakaona fiwi, zinafanana na kunde, zimependeza, wakasema malisho ndiyo haya. Hawa ni watu waliopigana na majani tangu wazaliwe. Nani angepanda majani?

"Mama," Masanja akasema, "hayo majani ndiyo malisho."

Mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si nilikwambia yana mizizi migeni?" Mwenzake akajibu, "Uliniambia ukiwa umeshang'oa nusu eka!"

"Mmeyatupa wapi?" nikauliza.

Bi Somoe alitazama ng'ambo ya uzio. Tukatazama. Ng'ombe wa Masanja, wote, wamesimama kuzunguka lundo, vichwa chini, wanatafuna kwa bidii.

"Tukaona tusiwanyime," akasema kwa sauti ndogo. "Wanayapenda sana hayo magugu yako."

Kicheko kilianza kwa Masanja. Sikutarajia. Kilianzia tumboni, akainama, akashika magoti. "Miaka sita nakaa na watu wa pwani," akasema, "sijawahi kupaliliwa namna hii!" Bi Somoe akaziba uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na mara ile wote kumi na mmoja wakalipuka, wengine wakilaumiana, wengine wakiwafukuza ng'ombe kwa majembe. Ndipo Kabula akaingia na mtoto mgongoni, akatazama shamba, akatazama watu, hakucheka. Akatazama nyuma ya nyumba, kwenye mikorosho.

Kicheko kikaisha. Bi Somoe akamwendea, akampokea mtoto, akamfunga mgongoni kwake mwenyewe.

"Hapana, mwanangu," akamwambia. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake tangu ule ufuta. "Nani kasema tumemaliza?"

Tuliokoa kwenye lundo yale yaliyobaki na mizizi. Tukachovya kwenye tope, tukaongeza beseni la Bi Zubeda. Jua lilikuwa bado lipo tulipoanza, na mpaka Alhamisi mchana tulikuwa tumepanda upya, mashina yamesogezwa mbali mbali ili yatoshe eka. Mama aliyekuwa mbele yangu alipanda kila shina huku akitazama njiani. "Usimwambie mume wangu," akaniambia. "Nikirudi nyumbani nimsemeshe nini? Nimeshinda napanda majani?"

Ijumaa

Mwenyekiti alikuja baada ya swala, na kofia safi na daftari. Alisimama pale pale kwenye kona, mikono nyuma. Masanja alinikanyaga mguu.

"Yameshika?" mwenyekiti akauliza.

"Yatashika," Bi Somoe akajibu kabla ya mtu yeyote.

"Bi Somoe, si wewe uliyesimama mkutanoni ukataka ng'ombe hawa wavuke mto?"

"Nilitaka ufuta wangu usiliwe. Majani haya nimeyapanda kwa mikono yangu. Ukimhamisha huyu, nani atayaangalia? Wewe?"

Mwenyekiti akakohoa. Alikuwa mtu wa haki, naye alionekana hapendi kazi yake siku ile. Akasema neno la mkutano lilikuwa moja, yawe yameshika, na yeye hawezi kuandika asichokijua. Akainama. Akashika shina moja kwa vidole viwili, akalivuta polepole.

Likatoka.

Wanawake walipiga kelele kama limetolewa jino. Mwenyekiti mwenyewe alishtuka, akalishika juu kwa aibu, mizizi inaning'inia, hajui aliweke wapi. Bi Somoe akamnyang'anya, akalirudisha kwenye shimo, akalikanyaga kwa kisigino, mara tatu.

"Wiki mbili," mwenyekiti akasema hatimaye. "Nitakuja nivute tena. Lisipotoka, naandika."

Hamisi alinirudisha Lindi Jumamosi. Getini mzee aliuliza majani yamefika salama. Nikamwambia ni habari ndefu, akavuta kiti, na mwenzake akaja na uji wake.

Leo ni siku ya kumi na moja tangu mwenyekiti avute lile shina. Hamisi anasema yale ya Bi Zubeda yameziba banda la kuku na jogoo anawika akiwa ndani yake. Kabula hupiga simu kila jioni. Juu, anasema, majani ni ya kijani. Chini hajui, kwa sababu Bi Somoe ameweka zamu ya walinzi kwenye uzio na hakuna anayeruhusiwa kuvuta hata shina moja kujaribu, awe Kabula, awe Masanja. Mvua haijanyesha Pande tangu ile Jumapili, kesho yake nilipoondoka.